Franco au Tabu Ley? Santuri zao za miaka ya 80, na uanze na zipi

"Shikamoo mjomba. Nataka kuisikiliza rumba ya Kongo kwa mpangilio, nimechoka kuokoteza wimbo huku na wimbo kule. Nianze na Franco au na Tabu Ley?"

Ujumbe huu ulitoka kwa mpwa wangu, kijana wa miaka 24 anayezijua nyimbo za Fally Ipupa mstari kwa mstari. Wengi wangemwambia aanze na miaka ya 60, enzi za bendi ya African Jazz, na OK Jazz ya Franco ikiwa changa, kisha ateremke polepole. Mimi nimemshauri aingilie miaka ya 80. Wakati huo wazee hawa wawili walikuwa na majina makubwa, bendi kubwa na gharama kubwa, huku vijana wa Kinshasa wakiwa wameshahamia kwingine. Tatizo lao lilikuwa moja na kila mmoja alilijibu kivyake, kwa hiyo tofauti yao inasikika wazi kuliko wakati mwingine wowote.

Kwanza tatizo lenyewe. Zaiko Langa Langa walianza mwishoni mwa 1969, vijana watupu, wakaiweka kando safu ya tarumbeta na saksafoni. Magita na ngoma vikawatosha. Kutoka Zaiko akatoka Papa Wemba, aliyeunda Viva La Musica mwaka 1977, na kwa Wemba akatoka Emeneya, aliyeanzisha Victoria Eleison mwaka 1982. Kule Paris naye Kanda Bongo Man akafupisha sehemu ya kuimba ili sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea, ianze mapema na watu wacheze tangu mwanzo. Halafu 1984 Kassav' wakatoka visiwa vya Antilles, huko Karibi, na zouk yao, muziki wa vinanda vya umeme na sauti safi ya studio, ukaenea Afrika kama moto wa nyika. Emeneya aliposoma upepo akatoa "Nzinzi" mwaka 1987, vinanda vya umeme vikiwa mbele kabisa.

Sasa mweke Franco katikati ya hayo yote. TPOK Jazz, yaani ile OK Jazz yake, ilikuwa na wanamuziki wengi kiasi kwamba ilifika wakati ikagawanyika, kundi moja likipiga Kinshasa na jingine Ulaya. Waimbaji peke yao, akina Josky Kiambukuta, Ntesa Dalienst, Ndombe Opetum na Madilu System, wangetosha kuunda bendi tatu. Mwaka 1982 Franco alikuwa na miaka 44 na alikuwa ndani ya bendi hiyo tangu Juni 1956. Tabu Ley, kiongozi wa bendi ya Afrisa, alikuwa wa rika lake. Ungetegemea wote wawili wafupishe nyimbo, wapunguze watu na wanunue vinanda.

Franco alirefusha

Yeye alifanya kinyume. Zamani santuri ndogo zilimlazimisha mwanamuziki akate wimbo nusu kwa nusu, kipande upande A na kipande upande B. Santuri kubwa ilipozoeleka Franco aliona nafasi ya kuongea. Nyimbo zake za miaka hii zinapita dakika kumi bila wasiwasi, na nyingine zinajaza upande mzima. Magita yanazunguka palepale kwa upole, kama mtu anayesokota kamba, na juu yake Franco anasimulia, anasuta, anauliza maswali, anamjibu mtu ambaye sisi hatumwoni. Kuimba kwa sauti ya kubembeleza anamwachia Madilu, aliyeingia bendi mwaka 1980.

"Mario" ya 1985 ndiyo kilele cha mtindo huu. Ni habari ya kijana msomi, mwenye vyeti vyake, anayeishi kwa mwanamke aliyemzidi umri na mwenye pesa. Kazi hatafuti, ugomvi ndani ya nyumba hauishi. Madilu analia upande wa mwanamke, Franco anaingia na sauti yake nzito ya mzee wa baraza. Sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji kuelezwa ukubwa wa wimbo huu, kwa sababu jina la kijana yule limeingia katika lugha yetu. Ukisema Dar es Salaam kwamba fulani ni marioo, hata mtoto aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 anajua unamsema mwanamume anayelelewa na mwanamke, ingawa pengine hajawahi kuusikia wimbo wenyewe.

Mimi niliusikia mara ya kwanza kwenye kaseti iliyorekodiwa dukani. Fundi alitaka nyimbo nyingi zienee kwenye kaseti ya dakika 60, kwa hiyo "Mario" aliizima katikati, Madilu akiwa hajamaliza hata neno. Kwa miaka kadhaa niliamini ndivyo inavyoisha. Siku niliyokuja kuisikia nzima, kwenye santuri ya jirani, nilikaa chini sakafuni. Kile nilichokuwa nimekikosa ndicho kilichokuwa na uzito: magita yanaendelea kuzunguka, maneno yanapungua, na gita la Franco linatoka mbele taratibu. Alipiga kwa vidole, noti mbili kwa pamoja, sauti kavu yenye makali ya chuma, na hakuharakisha hata pale bendi nzima ilipokuwa imeshika moto. Nimesikia wapiga solo wengi wenye kasi kumzidi, na sijamsikia mwingine anayeweza kurudia kipande kilekile mara thelathini nikatamani akirudie tena.

Kwa muziki mtupu, hata hivyo, naipa nafasi ya kwanza "Mamou", iliyotoka 1984. Ni mzozo wa wanawake wawili marafiki, uongo na siri za ndoa katikati yao, na Madilu hajawahi kuimba vizuri kuliko hapo. Mwaka huohuo kuna "Très Impoli", wimbo wa kumsuta mtu asiye na adabu za nyumba za watu. Huo unaonyesha Franco alivyokuwa na jicho la mtaani: anaweza kuchukua jambo dogo linalomkera kila mtu na kulifanya robo saa ya muziki.

"Attention Na SIDA" ya 1987 ni kitu kingine kabisa. Wakati huo serikali nyingi za Afrika zilikuwa zinautaja UKIMWI kwa kunong'ona, na huyu hapa mtu mashuhuri kuliko wote Zaire anasimama na kutoa hotuba juu ya sebene, nusu Kilingala na nusu Kifaransa ili asikiwe hata nje ya kwao. Anawageukia vijana, wazazi, walimu, viongozi wa dini, serikali. Nauheshimu mno wimbo huu. Lakini usianze nao, maana uzito wake unahitaji masikio yaliyokwisha kumzoea mwenye sauti.

Na kuna wa kuruka. Mwaka 1984 alitoa "Candidat Na Biso Mobutu", wimbo wa kumpigia kampeni rais ambaye hakuwa na mpinzani. Mtu huyuhuyu aliwahi kufungwa mwaka 1978 kwa nyimbo zilizoitwa chafu. Kama unafuatilia historia ya Zaire utauhitaji. Kama unatafuta muziki, pita.

Tabu Ley aliachia kipaza sauti

Tabu Ley Rochereau alilelewa katika shule nyingine. Aliingia African Jazz ya Joseph Kabasele mwaka 1959, akatoka na mpiga gita Dokta Nico kuunda African Fiesta mwaka 1963, na Desemba 1970 akapanda jukwaa la Olympia, Paris. Huyu tangu ujana alikuwa anaangalia nini kinapendwa wapi, na hakuona aibu kubadilika. Upepo ulipogeuka, mwaka 1981 alimchukua msichana aliyekuwa akicheza na kuitikia kwa mwimbaji Abeti Masikini, akamweka mbele ya Afrisa. Ndiye Mbilia Bel.

Fikiria ukubwa wa uamuzi huo. Kiongozi wa bendi, mmoja wa waimbaji wenye sauti tamu kuliko wote Afrika, anaachia kipaza sauti na kurudi nyuma kuandika nyimbo. "Mpeve Ya Longo" ya 1982 ni kilio cha mwanamke aliyetelekezwa na mume akabaki na watoto. Mwaka 1983 ikaja "Eswi Yo Wapi", na hapo Afrika Mashariki yote ikalijua jina la Mbilia.

Sauti yake ni nyembamba lakini imenyooka, haitetemeki, na inaingia kwenye noti moja kwa moja bila kuizungukia. Chini yake magita ya akina Dino Vangu na Huit Kilos yanakwenda mbio kidogo kuliko ya OK Jazz, yakimeremeta. Tarumbeta bado zipo, ila zinaingia kwa mikato mifupi na kutoka. Kisha, pale ambapo hukumtarajia, Tabu Ley anaitikia kwa sauti yake ya juu ya hariri, na kwa sekunde kumi unawasikia wawili wakiwa kitu kimoja. Sijui rekodi nyingine ya rumba yenye furaha ya namna hiyo.

"Nakei Nairobi" ya 1986 inatuhusu kwa karibu. Nairobi ilikuwa soko kubwa la santuri za Kongo, na Tabu Ley alilijua soko lake vizuri. Wimbo wenyewe ni wa mtu anayekwenda Nairobi kumwona rafiki yake, basi, hakuna zaidi. Uzuri wake wote uko katika kupanda na kushuka kwa lile jina la mji mdomoni mwa Mbilia.

Ukitaka kumsikia mzee mwenyewe akiimba katika kipindi hiki, tafuta "Maze" ya 1982. Inatosha kukuonyesha kwamba hakuachia kipaza sauti kwa sababu sauti ilikuwa imeisha.

Ukiwaweka ubavu kwa ubavu

Swali la kwanza ni lugha, na hili watu hulisahau. Kama Kilingala hukijui, Franco wa miaka ya 80 anakudai kazi ya ziada: nusu ya utamu wake ni maneno, na usipopata mtu wa kukufasiria utabaki unasikia mzee anaongea. Inafaa uisome tafsiri kwanza, kisha usikilize. Tabu Ley hakudai hivyo, maana wimbo wake unakushika kwa tuni hata kama hujui neno. Wasomaji wa Kivu na Lubumbashi wenye lugha zote mbili wamebarikiwa, wao watapata vyote.

La pili ni miguu. Kwa sherehe, weka Afrisa na Mbilia Bel, watu watasimama dakika ya kwanza. TPOK Jazz ya wakati huu ni ya kucheza wawili wawili, taratibu, usiku ukishakuwa mkubwa. Ukimpigia "Mamou" mtu mwenye haraka utamuudhi bure.

La tatu ni wanawake, na hapa siwezi kukaa kimya. Katika nyimbo nyingi za Franco mwanamke anasemwa: ni mwongo, ni msengenyaji, anapenda pesa. Mara nyingine Franco anamtetea, kama ndani ya "Mario", lakini mara nyingi anahukumu, na dada yangu, mama yake huyu mpwa, hawezi kuvumilia baadhi ya nyimbo hizo. Kwa Tabu Ley mwanamke anasema mwenyewe. Ni kweli kwamba aliyeandika maneno kwa kawaida alikuwa mwanamume, ila sauti inayolalamika, inayotania na inayokataa ni ya mwanamke, na wasikilizaji wanawake waliisikia hivyo. Franco aliliona hilo. Mwaka 1986 naye alimwingiza mwimbaji mwanamke, Jolie Detta, na "Massu" na "Layile" zilizotoka kwake ni nyimbo nzuri mno. Bado zinasikika kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni kwa Franco, ilhali kwa Afrisa Mbilia ndiye aliyekuwa mwenye nyumba.

Na hapo ndipo ulipo udhaifu wa Tabu Ley. Mbilia Bel alipoondoka mwaka 1987, pakabaki shimo. Faya Tess aliyekuja baadaye ana sauti nzuri na anastahili kusikilizwa, lakini watu walikuwa wanamtafuta aliyeondoka. Franco alipoteza waimbaji maisha yake yote, wakubwa kwa wadogo, na hakutikisika, kwa sababu alichokuwa anauza hasa ni yeye mwenyewe: hasira yake, udadisi wake, na lile gita.

Walipokutana

Kama unataka masikio yako yaamue bila mimi kuingilia, ziko rekodi za 1983 walizofanya pamoja. Mwaka huo, Februari, Kabasele alifariki, na mahasimu hawa wa miaka zaidi ya ishirini wakaingia studio moja. Humo mna "Lisanga Ya Banganga", yaani kusanyiko la waganga, na "Kabassele in Memoriam" ya kumlilia yule mzee. Mna pia "Lettre à Monsieur le Directeur Général", barua ndefu ya malalamiko kwa mkuu wa ofisi.

Hapo huhitaji kuambiwa nani ni nani. Franco anaingia kama mtu anayefungua mlango kwa bega, Tabu Ley anaingia kama aliyekaribishwa. Katika wimbo wa kumlilia Kabasele mizani inamwelemea Tabu Ley, na ni haki, marehemu alikuwa mwalimu wake. Katika ile barua, Franco yuko nyumbani kwake.

Miaka ya mwisho kabisa

Baada ya 1987 sishawishiki sana na yeyote kati yao. Franco alikuwa mgonjwa, na katika rekodi za mwisho unasikia bendi ikimbeba kiongozi wake. "For Ever", aliyoifanya na Sam Mangwana mwaka 1989, naisikiliza mara chache na kwa huzuni. Nguvu imepungua, ingawa heshima ya Mangwana kwa kiongozi wake wa zamani inasikika katika kila mstari. Franco alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, akiwa na miaka 51, na Zaire ikatangaza siku nne za maombolezo ya taifa.

Mwaka huohuo Tabu Ley alirekodi Uingereza, katika studio za Real World, albamu ya "Babeti Soukous". Ina nyimbo zake za zamani na mpya, fupifupi, zilizopangwa kwa ajili ya wasikilizaji wa Ulaya. Sauti ya studio ni safi ajabu, kila chombo kinasikika. Mimi naona imepigwa kama mtu anayeonyesha picha za familia kwa wageni, haraka haraka, nyingine, nyingine. Kwa asiyejua lolote ni mlango rahisi wa kuingilia. Miaka ya 90 akaishi Marekani na kutoa "Muzina" mwaka 1994 na "Africa Worldwide" mwaka 1996. Akarudi nyumbani 1997, akaingia siasa, na alifariki Brussels tarehe 30 Novemba 2013.

Uzipate wapi

YouTube zimo karibu zote, ila angalia: nyingi zimekatwa, na majina yameandikwa hovyo. Linganisha urefu kabla hujaamini. "Mario" isiyofika hata dakika kumi si "Mario" kamili.

Kwa anayenunua, mikusanyiko ya kampuni ya Sterns ndiyo nadhifu kuliko yote niliyoshika mkononi, pamoja na vitabu vyake vya maelezo. Ya Franco inaitwa "Francophonic", juzuu mbili, na ya pili ndiyo yenye miaka ya 1980 hadi 1989. Ya Tabu Ley ni "The Voice of Lightness", nayo juzuu mbili, ya pili ikianzia 1977 hadi 1993. Mbilia Bel ana mkusanyiko wake, "Bel Canto". Ukiwa na pesa ya mmoja tu, na unapenda habari za watu, ugomvi wao na siri zao, chukua juzuu ya pili ya Franco. Ukipenda sauti kuliko hadithi, chukua "Bel Canto", ndipo baadaye urudi kwa Tabu Ley mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Franco, nadhani imeshaonekana. Lakini anayeuliza ni kijana aliyefundishwa na Fally Ipupa kupenda sauti laini na studio safi, na njia yake ya karibu ni Afrisa. Jana jioni nimemtumia "Eswi Yo Wapi". "Mario" nitamtumia Jumamosi, siku ambayo haendi kazini, pamoja na tafsiri niliyomwandikia kwa mkono, ili aisikilize mpaka gita la mwisho.